Boksi la Masomo la Junia

Wendell,

Viazi vya jibini viko kwenye oveni, pasha tu. Kuku hawajapewa maji. Junia yuko kwa dada yako, kamchukue saa sita. Mimi niko kwa mama, nimechoka.

~~Lile boksi la masomo ya vitendo lirudishe posta.~~ Hapana, liache.

Wiki tatu nimelinganisha mitaala, nikachagua huu kwa sababu mtoto wa miaka mitano hujifunza kwa kushika. Leo asubuhi nikampangia shanga, mizani na herufi za mbao. Kila akinyoosha mkono, mimi: "Taratibu! Usichafue! Mwakani tutawauzia vitu hivi akina mama wengine wanaosomesha nyumbani." Udongo wa kufinyanga hata sikuufungua. Mwishowe akaikalia mikono yake, akaniuliza kwa upole, "Mama, kwani hivi ni vya mtoto gani?"

Nikaenda kuosha vyombo.

Na wewe usijifanye malaika. Nani aliandika "kama mpya" kwenye mfuniko wa boksi kabla hatujalifungua?

Fungueni udongo, na rangi pia. Mwache amwage. Nikirudi nikaanza kupangusa meza, nishike mikono.

~~Mwalimu wake~~
Mama Junia