Mama, Legeza Hiyo Kanga

Bukoba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku sijaizoea. Korosho mmemaliza kuokota? Nimeandika kwa sababu simu unaiweka sauti kubwa na ua mzima unasikia. Soma peke yako.

Nilipokuja likizo niliingia bafuni ghafla, nikakukuta umechuchumaa, unarudisha kitu ndani kwa mkono. Ukasema, "Toka! Hujaona kitu." Nimeona, mama, na hakinitoki akilini. Darasani ninapofundisha, mwanafunzi akichuchumaa kuokota kalamu, nakuona wewe. Nyuma yako namwona bibi, aliyemaliza miaka yake chumba cha uani akikataa wageni, nasi tukiambiwa anaumwa kiuno.

Nilikwenda kwa daktari wa akina mama, nikajifanya naulizia jirani. Akasema hicho ni kizazi kimeshuka; huwapata wengi wa umri wako waliozaa na kubeba mizigo. Si laana.

Akauliza, "Na huyo jirani anakizuiaje?"

Nikasema anajifunga kanga tumboni kama aliyetoka kujifungua, na kikishuka anakaza zaidi.

Akanitazama. "Mwambie mama yako ailegeze. Anakisukuma chini mwenyewe."

Akanieleza kuwa kikiwa kimeshuka kidogo, kuna mazoezi ya kubana misuli ya chini, kama mtu anayezuia mkojo. Kuna pete laini inayowekwa ndani kukishikilia. Hutolewa, ikaoshwa, ikarudishwa. Na kuna upasuaji, wa kukipandisha na kukishikiza au wa kukiondoa. Wakishakupima, utachagua mwenyewe.

Nilimpigia shangazi akusindikize hospitali ya Lindi, maana najua ndiye aliyekufundisha kujifunga. Akafoka, "Unataka wamkate mama yako, kaka yangu aoe mwingine?"

"Shangazi, baba na magoti yale, nani atamtaka?"

Akacheka sana. Kisha nikamsikia akifunga mlango. Akauliza kwa sauti ya chini, "Hiyo pete, inauma?"

Mama, kumbe naye! Miaka yote mnakaa ua mmoja, mnatwanga kinu kimoja, na kila mmoja anakaza kanga yake. Usimuulize kitu. Mwambie tu, "Wifi, vaa twende Lindi." Atakuja.

Msalimie baba, na dada Zuhura aliyekuletea barua hii bila kujua kilichomo. Mungu akupe afya, na akupe stara.

Mwanao akupendaye,
Mwanahawa