Chupa za Shahidi

Jumatatu, 1 Machi 1976

Nimelisha chupa. Kumi na moja, zote nzima. Joto la sanduku la kuzitunzia thelathini na saba. Jiko la mafuta ya taa chini yake linatoa moshi tena, utambi umekwisha. Niliomba utambi tangu Januari. Nikajibiwa niwe na subira, taifa linajengwa. Sawa. Lijengwe, ila mimi nakohoa.

Mkuu wa kituo chetu cha utafiti wa mifugo amezipa chupa herufi na namba. Mimi naziita Mwekundu. Alikuwa ndama wa mdogo wangu Mwita, akafa kwa ndigana, homa ya kupe, kabla ya Krismasi. Nilimtoa tezi mwenyewe, zimevimba kama viazi. Chembe hai za mwili wake ziko humu mpaka leo, zinazaliana ndani ya maji ya chakula, na vidudu vya ndigana vimo ndani yake vinazaliana pamoja nazo. Hivyo tunaweza kujaribu dawa bila kuua ndama mwingine. Mama nilipomweleza aliuliza kama huyo ndama huko chupani anasikia njaa. Nikamwambia ndiyo, kila siku ya tatu.

Ng'ombe aliyemzaa Mwekundu ni wa mahari yangu. Mume nimemzika, ng'ombe wamebaki kwetu, nusu yao Mwita ameolea. Sasa kuna mitamba wawili na ndama watatu. Basi. Watu wa kituo wanasema mimi naichukulia kazi hii kwa hasira. Wao ndigana imewalia nini?

Alhamisi, 4 Machi

Dawa mpya imefika kutoka Ulaya. Unga wa njano kwenye kopo dogo kuliko la ugoro. Mpango ni huu: chupa sita nitie dawa, tano nisitie. Hizo tano ndizo shahidi. Chembe hizi huzaliana kwa nguvu ya vidudu; vidudu vikifa, nazo hufa. Chembe zikifa kwenye sita na shahidi wakabaki hai, dawa imeua. Shahidi nao wakifa, hujui kitu. Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza kazini, na katika jengo hili ndicho kitu pekee ninachokiamini.

Serumu imekwisha. Ya Dar es Salaam haijafika. Bila hayo maji ya damu chembe hazili. Mkuu kasema nitafute ndama mzima nimtoe damu, tutengeneze wenyewe. Wageni wa Mkoa wanakuja tarehe kumi na saba na anataka awe na la kuwaambia.

Jumamosi, 6 Machi

Nimekwenda kijijini kwa Mwita, njia ya Nyangoto. Tangu watu wahamishiwe kijiji cha ujamaa na kupangwa mstari mmoja, ng'ombe wa kila mji wanachunga pamoja na kupe wanafanya sherehe. Josho la kuogeshea ng'ombe limejengwa, la saruji, zuri. Ndani yake maji ya mvua na vyura. Dawa ya josho iko njiani. Mwaka wa pili iko njiani.

Lakini ndama wa Mwita safi. Nimewapekua masikio, chini ya mkia, hakuna kupe hata mmoja. Nilifurahi kama mjinga. Nimemtoa damu yule mwenye doa jeupe. Manyoya yalikuwa na mafuta, harufu kali ikabaki mikononi. Nikamuuliza Mwita. Kasema mafuta ya taa, ya kufukuza nzi. Nikaamini. Mama alinipa maziwa, nikanywa vikombe viwili.

Jumatatu, 8 Machi

Serumu imetoka nzuri, rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Nimelisha chupa zote. Sita nimetia dawa.

Jumatano, 10 Machi

Sita zimekufa. Kwenye darubini hakuna chembe, ni vumbi tu. Mkuu aliangalia, akanipiga bega, akaniita ndugu kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Akatoka anapiga mluzi.

Nikabaki na shahidi. Ya kwanza imekufa. Nikafuta kioo. Ya pili imekufa. Tano zote.

Nimekaa kwenye kiti mpaka kengele ya kutoka.

Alhamisi, 11 Machi

Nimemwambia Mkuu kwamba shahidi wamekufa. Hakuinua macho kwenye karatasi zake. Alisema, "Shahidi akifa, kesi inaendelea bila yeye." Akacheka peke yake. Halafu akaja, akamwaga zote tano kwenye sinki na kunipa chupa nizioshe. Mwekundu kaenda na maji. Miezi mitatu nimemlisha.

Nimeziosha. Muda wote nawaza: ni nini kilikuwa kipya kwenye chupa zote kumi na moja? Dawa iliingia sita tu. Serumu iliingia zote.

Ile harufu.

Ijumaa, 12 Machi

Mwita kaja mjini kununua chumvi, kapitia kwangu Turwa. Sikumkaribisha hata chai.

"Mura, mdogo wangu, ndama ulimpaka nini?"

Kwanza alizungusha maneno. Mwishowe akasema: dawa ya pamba, ile ya kuua wadudu. Ya shamba la kijiji. Alichota stoo, akachanganya na mafuta, anawapaka kila Jumapili watu wakiwa kanisani. "Dada, ulitaka nifanye nini? Niwaangalie wafe?"

Sumu imepita kwenye ngozi, imeingia kwenye damu, damu nimeiingiza kwenye chupa kwa mkono wangu. Ndiyo iliyoua. Ile ya njano huenda haikufanya kitu chochote.

Na siwezi kusema. Mwezi uliopita kijijini kwao mgambo walimkamata mtu kwa dawa hiyo hiyo ya pamba, kopo moja. Wakamwita mhujumu. Mpaka leo yuko ndani, mke wake analima peke yake.

Nina hasira na Mwita. Nina hasira zaidi kwamba ningekuwa yeye ningechota mapema.

Jumatatu, 15 Machi

Mkuu kafungua daftari la kituo mbele yangu na kuniwekea kalamu. Mstari wa shahidi nilikuwa nimeuacha wazi. "Andika hai."

Nikisema hapana, ataniuliza waliuawa na nini. Nikisema serumu, atauliza ya ndama wa nani.

Nimeandika. Shahidi, tano: hai. Mwandiko mzuri, nilisifiwa shuleni.

Jumatano, 17 Machi

Wageni wamekuja na magari mawili. Mkuu alihutubia kijijini, kwenye josho la vyura. Kujitegemea, sayansi kwa mkulima, maneno yote. Kisha akataka ndama wa kuonyeshea, na kwa kuwa yeye ni mtu mwema alichagua ndama wa mdogo wa mfanyakazi wake. Mwita aliwaleta wote watatu mwenyewe, kifua mbele. Sindano ya ile dawa ya njano niliishika mimi. Watu wakapiga makofi. Mama akapiga vigelegele.

Sijawahi kujichukia hivi.

Jumapili, 21 Machi

Nimekwenda kwa Mwita baada ya ibada. Nimemwambia aendelee kupaka. Kasema aliacha siku ile ile ya sindano, kopo amelifukia. Nimemwambia dawa ile ya sindano haijathibitishwa. Nimemwambia kuhusu shahidi, kuhusu damu, yote. Alinisikiliza huku anachonga mpini.

Akasema Mkuu wangu kasema mbele ya watu, na Mkoa umepiga makofi, na sindano nilichoma mimi. "Kama ulijua, mbona ulichoma?"

Mama akasema nimwache, Mwita alikuwa anaogopa mgambo, sasa amepata usingizi. Nimerudi kwa miguu hadi barabarani. Mvua imeninyeshea yote.

Jumamosi, 3 Aprili

Wawili wana homa. Tezi zimesimama chini ya masikio, naziona bila kugusa. Nimemwomba Mkuu akaangalie. Kasema yawezekana ni ugonjwa mwingine. Ripoti imeshakwenda Dar.

Alhamisi, 8 Aprili

Wamekufa wote wawili, mmoja asubuhi, mmoja mchana. Povu puani. Mwita alichimba mashimo akinipa mgongo. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 14 Aprili

Mwenye doa jeupe naye. Nilifika bado anapumua. Alipokata roho nilitoa kisu na chupa zangu kwenye kikapu, nikaona aibu, nikataka kuvirudisha. Mwita akapiga magoti, akamshika ndama miguu bila kuambiwa. Nikakata tezi. Mikono yetu ilikuwa inagusana na hatukuangaliana.

Kisha akasema, "Huyu usimwage."

Jumanne, 4 Mei

Mvua imekatika. Utambi mpya umefika, na serumu ya Dar es Salaam, chupa mbili, moja imevunjika njiani. Jiko halitoi moshi.

Nina chupa nane za mwenye doa. Nne nilitia ile ya njano siku ya Ijumaa, unga wa mwisho uliobaki kwenye kopo. Nne shahidi. Leo nimeziangalia zote, moja moja, mara mbili. Zote nane zinastawi. Zenye dawa na zisizo na dawa huwezi kuzitofautisha.

Nimefungua daftari la kituo. Machi imeandikwa: shahidi, hai. Chini yake nimeandika ya leo: shahidi, hai. Maneno yale yale, mwandiko ule ule. Kwenye mstari wa dawa nimeandika pia hai. Nimeweka sahihi, nikaliacha wazi juu ya meza ya Mkuu.

Mchana mama alituma mtu wa kwetu aliyekuja mnadani. Anauliza kama ndama amekula. Nimemwambia ampelekee jibu kwamba amekula.