Cheche Katika Manyoya ya Nyau

Mjukuu wangu na mke mwenzangu Zuhura,

Sisi huku kusini, hapa ghorofani Joubert Park, tu wazima, ila babu yako kifua kinamsumbua kwa baridi hii.

Umeniuliza kwa nini paka wako huko Kanada anatoa cheche ukimpapasa. Nimesoma, nikakumbuka yaliyonipata. Mwaka niliotoka Tanga kuja hapa nilikuwa na paka, Nyau. Magharibi moja, kabla sijawasha taa, nilimpapasa mbele ya hita. Manyoya yakalia tatata, cheche zikaniruka vidoleni. Kwetu sijapata kuona hayo. Nikasema huyu si paka, ni jini. Nikasoma Ayatul Kursi, nikafukiza ubani, nikamgusa tena. Zikaruka tena! Nikamtupa nje kwenye korido ya baridi, nikatia komeo. Akalia, nami nikaziba masikio.

Baadaye akabisha Mama Furaha, jirani yetu Mkongo, msusi, kampakata Nyau. Nikamwambia huyo ni jini, anatoa cheche. Akasema:

"Mama, hakuna jini hapa. Hita inakaushaka hewa. Ata nywele za wateja wangu zinafanyaka vile."

Basi nawe Zuhura, weka bakuli la maji chumbani, msogeze paka wako mbali na hita, lowesha viganja kidogo ndipo umpapase, na umchane taratibu kila siku. Usimwogeshe ovyo, atazidi kukauka.

Nyau nilimchana hivyo miaka yote, manyoya yakang'aa. Lakini kila niliposhika komeo la mlango, alikimbilia uvunguni.

Bibi yako,
Mwanaidi