Kuni za Kasian

Jumamosi, 22 Machi 2025

Sala ya jumuiya leo kwa mzee Kalinga. Baridi ya Iringa haina adabu — hata mwenye nyumba alisali na blanketi. Nilikuwa wa kwanza kufika. Mwenyekiti akichelewa, nani awahi?

Tuko katikati ya rozari, akaingia jirani yangu Kasian. Kasian! Na mzigo wa kuni begani na sura ya huzuni. Akautua karibu na jiko, akavua kofia, akampa Kalinga mkono wa pole. Kumbe aliona mabenchi uani alfajiri, akadhani kuna msiba. Miaka yote jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba, hata kwake inafika. Mkewe Verediana anatupokea mbele, yeye anatokea nyuma kwenda kwenye mianzi yake kugema ulanzi.

Alipoambiwa hakuna aliyekufa, nilitegemea aondoke. Akakaa. Aibu, nadhani. Zikafika nia za maombi, kila mtu na yake. Mimi niliombea mvua na maadili ya vijana. Ikafika zamu yake.

"Ee Bwana, mimi nilidhani kuna msiba. Ila kwa vile nimeshafika, unihurumie. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," tukaitikia wote. Mazoea. Sauti yangu ndiyo ilikuwa juu, maana mwenyekiti ndiye anayeongoza kuitikia.

Baadaye watu walicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Huyu ndiye aliyenibandika mimi, mwanamke mzima, jina la Baba Mtakatifu, na sasa hata wauza mboga wananiita hivyo nikishapita. Na walevi wa ulanzi wake wamegeuza ua wangu kuwa choo.

Jumamosi, 29 Machi

Hakuja. Sikushangaa.

Kuni zake bado ziko kwa Kalinga. Anasema hawezi kuzichoma — zililetwa kwa ajili ya msiba, kuzichemshia chai ni kujitafutia mkosi. Verediana akasema mumewe aliuliza Jumamosi ijayo tunasali kwa nani. Akamwambia ni kwangu. Eti akajibu kwamba basi itabidi avae viatu. Sijui ni kejeli au heshima. Nimeamua ni kejeli.

Jumapili, 30 Machi

Injili ya Mwana Mpotevu. Padre akamsifu yule baba mpaka basi. Mimi niko upande wa kaka mkubwa, tangu utoto. Mtu katoka shamba, kachoka, anasikia ngoma nyumbani kwao — hata kuitwa hakuitwa! Na huyo ndama aliyenona, nani alikuwa anamlisha? Nilitaka kumuuliza padre, yakaanza matangazo.

Jumatano, 2 Aprili

Kasian amefariki. Alilala mzima, hakuamka.

Nimelia. Sikutegemea.

Kalinga amezileta zile kuni. Ndizo zinazopikia uji wa waombolezaji. Watu wanasema marehemu alijiletea kuni mwenyewe, na safari hii hakuna anayecheka.

Katekista Sosthenes amenivuta pembeni. Utaratibu wa parokia yetu unajulikana: asiyeshiriki jumuiya, Kanisa halimziki. Hakuna misa, hakuna padre kaburini. Utaratibu huo naupenda. Bila huo Jumamosi ningesali na paka. Sosthenes anasema padre atanisikiliza mimi. Nikamwambia marehemu alikuja mara moja, tena kimakosa. Akasema hayo ni ya mwenyekiti, yeye ni katekista tu.

Verediana hajaniomba kitu. Angeniomba ningekuwa na la kumjibu. Amekaa mkekani, pembeni yake viatu vya mumewe, vimepigwa kiwi vinang'aa. Nikauliza kama ndivyo atakavyozikwa navyo.

"Hapana, Mama Mwenyekiti. Alivipiga kiwi mwenyewe jana. Vya Jumamosi kwako."

Nikaenda jikoni kukoroga uji ambao tayari kuna mtu alikuwa anaukoroga.

Alhamisi, 3 Aprili

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya parokia. Padre ana watu ndani. Maziko ni kesho, binti yao aliyeolewa Mbalizi akishafika. Kama atazikwa na padre au na jembe tu, ni juu yangu mimi.

Njiani nimejaribu majibu. "Hakushiriki" — ni kweli. "Alishiriki" — nayo ni kweli, kuni ni ushahidi. Nikisema ndiyo, wale wanaoamka na baridi kila Jumamosi wataniuliza wanaamkia nini. Na wana haki. Tangu jana mimi mwenyewe najiuliza huwa naamkia nini. Nilidhani ninaweka akiba mbinguni. Kasian hakuweka chochote, kaja na kuni za msiba usiokuwepo, kaomba sentensi moja. Inaniuma. Nimeiandika ili isiendelee kuniuma kimyakimya.

Ila kuna jambo lingine, nalo limeninyima usingizi. Padre huwa haulizi kama mtu alistahili. Siku zote anauliza swali lilelile: jumuiya inasemaje?

Jumuiya ilishasema. Kwa Kalinga, wote kwa sauti moja. Twakuomba utusikie. Na aliyeongoza ni mimi.

Mlango umefunguliwa. Naitwa —