Kipande cha Pili cha Khanga

Gita, ndo nimetoka kwa Bibi Febronia hapa Kintinku.

Ni yule wa utafiti wangu wa mavazi ya enzi za Ujamaa. Alinitolea khanga ya mwaka 1974, imetunzwa vizuri. Kipande kimoja tu.

Na usomi wangu huu wa shahada ya pili nikamuuliza, "Bibi, doti si vipande viwili? Kingine kiko wapi?"

Akaanza kuikunja khanga. Nikauliza tena. Gita, niliuliza tena.

Akasema, "Nilimsitiri nacho mwanangu. Alifia kwenye lori siku tulipohamishiwa kijijini, tukamzika porini. Pale mahali sipajui tena."

Kwenye fomu ya utafiti, penye hali ya khanga, nilikuwa nimeshaandika "haijakamilika".

Akaniomba nimsomee nilichoandika.