Kidole cha Riziki

Nguvumali, Alhamisi, 1956

Mkono bado umemvimba. Kumpiga mtoto wa miaka minne kwa sababu ya mkeka!

Riziki wangu hasemi, wala hageuki ukimwita. Lakini wiki nzima amekaa miguuni pa wifi yangu Mwanahamisi, akimtazama anavyosuka kili, zile kanda ndefu za ukindu zitakazoshonwa kuwa mkeka wa harusi ya bintiye: miyaa miwili myekundu, mmoja mweusi, miwili myekundu, mmoja mweusi. Hakuna aliyemfundisha. Jioni huyapanga mabaki sakafuni vivyo hivyo, asikosee hata mara moja.

Leo kaweka kidole mahali pamoja kwenye ukili, akalia, hataki kukitoa. Wifi akamchapa.

"Mtoto wako ana shetani, wifi. Harusini usimlete akatuaibisha."

Nikamnyanyua mwanangu, kisha nikatazama pale. Mweusi hakuwapo. Myekundu minne imefuatana, na wifi, fundi wa mtaa mzima, hajaona.

Nilitaka kusema. Nikaenda kumkanda mwanangu mkono.

Alasiri kanipa kili zote nimshonee, maana yeye tundu la sindano halioni tena. Nimeshona vizuri sana. Ule wenye kosa nimeuweka katikati kabisa, mbele ya pale atakapokaa bibi harusi, na wakwe wanaotoka Pongwe ni wasukaji watupu.

Namwogopa Mungu, sikatai.

Lakini Jumapili, siku ya harusi, Riziki atakuja. Nitamvika gauni jipya, nitamkalisha mbele ya wageni wote, na akinyoosha kidole, mkono wake sitaushika.