Nilivyoiga Sauti ya Mjomba Redioni

Tabata, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Mwangaluka, kama barua hii imekukuta asubuhi umekaa mlangoni na kikombe chako cha uji. Magoti yanasemaje siku hizi? Na karanga za shamba la upande wa Kipalapala, zimetoka vizuri au mvua imezionea tena? Mimi mwili hauna neno. Mjomba Deo naye anakula, anatembea mpaka gengeni na kurudi, na analala vizuri. Nimetanguliza habari zake kwa sababu najua ndizo utakazozitafuta kwanza. Kaka yako ni kaka yako.

Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Veronika ameniambia jinsi mtu alivyokusikilizisha maneno yangu ya redioni pale sokoni, kwenye simu yake, huku anacheka. Anasema ulimrudishia simu, ukabeba kapu lako ukaondoka na kitunguu hujanunua. Mama, tangu dada aniambie hivyo nimeshindwa kuinua uso. Nasikia na vijana wa mtaa wetu wa Cheyo wananiigiza vijiweni. Basi naomba uyasikie yote kutoka kwangu, tangu mwanzo.

Unakumbuka Mjomba alivyokupigia simu siku ile alipochaguliwa kuwa kirongozi katika filamu ya wapagazi, yaani yule mtu anayetangulia mbele ya msafara. Alisema, "Dada, babu zetu walibeba pembe kutoka Unyanyembe mpaka pwani, na sasa mimi nitawarudisha nyumbani." Alikuwa ameigiza miaka mingi, tangu alipokuwa Pilato wa Ijumaa Kuu hapo parokiani, lakini nafasi kubwa kama hiyo hakuwahi kuipata. Mimi nilipewa nafasi ya mpagazi wa nyuma, na nilipewa kwa sababu yake tu. Kila jioni tulikaa sebuleni kwake, yeye anasema maneno, mimi nimemshikia karatasi. Hivyo maneno yake yote yakaniingia kichwani.

Kwamba alikuwa ameanza kusahau, nilijua. Alitia chumvi kwenye chai akacheka mwenyewe. Alimwita Mama Sesi, mke wake, kwa jina lako. Mimi nikajiambia ni uzee.

Filamu tuliipigia huku Pwani, kwenye pori. Tabora ni mbali, wakaona wajenge Tabora yao papo hapo, kwa miti na udongo. Ikafika siku ambayo kirongozi anapanda kichuguu, anawaonyesha wenzake mji, anasema, "Ndugu zangu, tumefika Tabora." Mama, ungemwona anavyopanda, amevaa joho jekundu, mgongo umenyooka kama kijana. Akainua mkono. "Ndugu zangu," akasema, "tumefika..." Akageuka akanitafuta kati ya wapagazi. "Luka, hapa ni wapi vile?"

Hakuna aliyecheka siku ile. Wakarudia, ikawa vilevile. Walipotaka kurudia tena, Mjomba akasema, "Hapana, ngojeni." Akashuka mwenyewe. Akakaa kivulini, akaanza kufungua joho.

Mwongozaji wetu, dada mmoja mpole, akaniita pembeni. "Maneno yake unayo?"

"Ninayo yote."

"Basi nenda ukaongee naye."

Nilipomfikia Mjomba hata sikuweza kuanza. Yeye ndiye aliyenitupia joho magotini. "Vaa," akasema. "Na mkono usiupandishe sana, utakuziba uso." Nikavaa. Kwa hilo, mama, sioni haya. Alinipa kwa mkono wake, na nilifanya kazi ile kama alivyonifundisha.

Aibu yangu inaanzia hapa. Filamu ilipotoka watu waliipenda, nikaitwa redioni. Mtangazaji alikuwa na kipindi kuhusu nafasi mashuhuri za filamu ambazo nusura ziende kwa waigizaji wengine. Akasimulia habari za watu wa nje: huyu alikataa nafasi akidhani filamu haitapata watazamaji, mwenzake akaichukua akawa tajiri, yule alikuwa ameshashonewa nguo, ndipo wakamwona mfupi. Habari tamu, na mimi nilicheka pamoja nao. Kisha akanigeukia. "Na wewe, Luka? Nasikia hata huyu kirongozi hakuwa wako."

Ningeweza kusema kwamba nafasi ilikuwa ya mjomba wangu, afya ikamsumbua, akaniachia. Ingetosha kabisa. Lakini mle ndani kulikuwa na watu wanaonitazama, na nilitaka wanipende. Nikaikunja sauti yangu iwe yake, ile nzito yenye mkwaruzo, na lafudhi yetu ya Kinyamwezi nikaikoleza, nikasema, "Ndugu zangu, tumefika... hapa ni wapi vile?" Mtangazaji alilala juu ya meza kwa kicheko. Nikaona nimepatia.

Nikarudia.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na furaha, nimenunua na samaki. Mama Sesi alinifungulia mlango, salamu yangu hakuiitikia. Mjomba alikuwa ameshaingia kulala, na jua bado lipo. Mama Sesi alinisimulia akiwa amesimama, hakunikaribisha kukaa.

"Mjomba wako alifungua redio. Akaniita niko jikoni. 'Mama Sesi, njoo usikie, wananihoji.' Nikaja. Amekaa wima, amefunga vifungo vya shati mpaka juu. Sauti ilikuwa yake, Luka. Hata mimi nilidhani ni yeye, labda walimrekodi zamani. Akawa anatabasamu. Halafu wakacheka. Akaniuliza, 'Wanacheka nini?' Nikazima redio."

Yule samaki hakuna aliyemla.

Asubuhi nilimkuta Mjomba anakunywa chai. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kama siku zote. Tukakaa. Baadaye akauliza, "Luka, ile nafasi ya kirongozi hatimaye aliipata nani?"

"Mimi, mjomba."

"Ulifanya vizuri?"

"Nilifanya kama ulivyonielekeza."

Akakoroga chai ambayo ilishakorogwa. "Na yule mzee wa redioni, aliyesahau jina la mji?"

Nilitamani kudanganya. "Ni wewe, mjomba. Mimi ndiye niliyekuiga."

"Kama nilisahau, nilisahau," akasema. "Ukweli haugombwi. Lakini hukuwaambia kwamba nilishuka mwenyewe."

Niliomba radhi, nikapiga na magoti. Akaniambia niinuke, nitachafua suruali. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe, na sijui kama leo anakumbuka.

Siku hiyohiyo nilirudi redioni. Nilimweleza mtangazaji kwamba kuna jambo sikulimaliza, naomba dakika chache nimalizie. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa. Kisha akasema, "Kaka, hiyo haichekeshi. Njoo ukiwa na filamu nyingine."

Ndiyo maana nakuandikia. Mama, naomba barua hii Veronika aisome kwa sauti mbele ya watu. Waite majirani, na yule mwenye simu sokoni kama atakubali kuja. Asiruke sehemu yoyote inayonihusu. Wajue kwamba Mjomba Deo hakuondolewa pale kichuguuni, na kwamba hakuna mtu aliyemcheka mpaka nilipofika mimi, mtoto wa dada yake, aliyekuwa akila kwake.

Mjomba anataka kurudi Tabora. Anasema anataka kukaa karibu na wewe wakati bado anakujua. Mama Sesi ameafiki, na ameshaanza kufunga vyombo. Nitawaleta mimi kwa treni na kubeba mizigo mpaka mlangoni kwako. Ukiniambia niingie, nitaingia. Ukiona bado, nitakuamkia nikiwa nje na kurudi stesheni, wala sitanung'unika.

Nisalimie shangazi wa Sikonge, mwambie asali yake ilifika salama na Mjomba ndiye anayeimaliza. Msalimie Veronika na mume wake, na katekista wetu mzee aliyemfundisha Mjomba kuwa Pilato. Yeye umweleze taratibu, asije akashtuka akimwona. Na wewe mama, upake dawa magotini kabla ya kulala, usingoje mpaka yaume.

Ni mimi mwanao, ninayeona haya kuliandika jina ulilonipa,

Luka